Fromaji Nzima

Mama mudogo Katungu hakatagi fromaji. Kila mutu wa mutaa wetu wa Murara anajua. Ile jibini ya maziwa ya ng'ombe alikuwa anaiuzisha kando ya barabara ya uwanja wa ndege, nzima, ya duara, imefungwa ndani ya karatasi ya kaki na kamba. Mutu akienda Kinshasa hawezi kufika mikono mitupu kwa ndugu zake, anabeba fromaji ya Masisi. Na zawadi haikatwi. Ukimupelekea shemeji kipande, atauliza: nani alikula ile ingine?

Kisha vita iliingia ndani ya muji, na ndege zikaacha kutua. Wenye kusafiri wanapitia Rwanda, na mizigo yao ni nguo na vyeti tu. Hakuna anayemukumbuka shemeji.

Mama mudogo hakuacha. Kila asubuhi alifungua chumba cha nyuma, kile cha mawe ya volkano ambamo jua haliingii, akalowesha kitambaa kwenye maji ya chumvi, akapangusa fromaji moja moja na kuzigeuza. Isipogeuzwa, inaloa tumbo na kuoza. Aliinusa, akaigonga kwa kidole sawa mutu anayepiga hodi, akasikiliza, akapita kwa ingine. Zilikuwa zinazidi kuwa ngumu. Rangi yake ya manjano ilikuwa imegeuka kahawia, kama meno ya muzee wa tumbako.

"Kata, uuzishie watu wa hapa," jirani yetu Marcelline alimuambia.

"Nikikata leo, na ndege ikitua kesho?"

"Ndege gani, Katungu? Walikuambia weye peke yako?"

Mama mudogo alicheka kwa pua tu, akarudilia kitambaa chake.

Mwenye kuzitengeneza ni muzee Habarurema, kule kwenye vilima vya Masisi. Zamani alikuwa anashuka na lori la viazi. Tangu vita hatukumuona tena. Tulifikiri amekufa, lakini hakuna aliyesema hivyo. Basi siku moja akatokea mulangoni, matope mpaka magoti, na fromaji mbili ndani ya gunia. Aliziweka juu ya meza, akaketi. Hakuomba maji, lakini nilimupa.

"Ng'ombe je, muzee?" mama mudogo aliuliza.

"Kuko zenye zilibakia." Alikunywa mpaka mwisho. "Mama Katungu, sikuja kuomba kitu. Nilikuja kuuliza. Niendelee kukamua ao niache? Kijana wangu anataka tuuzishe hizi zimebakia, tutafute maisha ingine. Nilimuambia, acha kwanza nione mama."

Akataka kuona chumba. Mama mudogo alichelewa kidogo na ufunguo, kisha akafungua. Fromaji zote alizoleta muzee kabla ya vita zilikuwa pale juu ya mbao, zimepanguswa zinang'aa kama viatu vya Pasaka. Muzee aligusa moja, akagusa ingine.

"Kumbe hazikutoka."

"Hazikutoka."

"Basi nimepata jibu." Akaanza kukunja gunia lake.

"Keti, muzee."

Mama mudogo alileta kisu cha jikoni. Hakikuingia. Akaegemea kwa uzito wake wote, hakikuingia. Nikamuletea mutwangio, akapiga mugongo wa kisu, na fromaji ikapasuka kwa sauti ya ukuni mukavu. Ndani ilikuwa ya manjano, safi, harufu ikajaa uwanja muzima wa nyumba. Alionja yeye kwanza, kisha akamupa muzee.

"Inauma ulimi," muzee alisema akitafuna. "Lakini inauma vizuri."

Miye na mama mudogo tulienda na sinia ya vipande na mikate mpaka kwenye kona ya wenye pikipiki. Guylain, yule wa mdomo mkubwa, alituona wa kwanza.

"Ayii! Mama Fromaji amekata! Leo na sisi tunapanda ndege!"

"Panda kwanza pikipiki yako. Esansi ya kuitia unayo?"

Wenzake walicheka. Guylain alitia kipande mdomoni, akakunja uso. "Mama, hii iko ngumu kama moyo wa mukwe wangu."

"Tafuna polepole. Na mukwe umuheshimu, alikupa mutoto wake."

Mwingine, Donat, mutu muzima, alikula ndani ya mukate, kisha akaomba afungiwe ya watoto. Wengine walitazama tu, wakaenda. Jua lilipopungua tulirudi, na sinia ilikuwa na vipande vingi bado, vumbi juu yake.

Muzee Habarurema alikuwa ametungojea. Aliangalia sinia.

"Zile kubwa sitazichukua tena," mama mudogo alimuambia. "Hakuna wa kuzibeba. Tengeneza ndogo, za mutu kula na kumaliza."

"Chombo changu cha kugandishia ni kimoja tu, kile kikubwa cha marehemu baba."

Mama mudogo aliinama chini ya kitanda, akatoa mikebe mitupu ya maziwa ya unga. Akatafuta musumari na jiwe, akaanza kuitoboa ili maji ya maziwa yapate pa kutokea. Muzee alitazama kidogo, akamupokonya jiwe. "Matundu yako ni makubwa, mama. Fromaji itatoka yote." Akatoboa yeye, pole pole.

Alipomaliza aliitia ndani ya gunia, akaaga. Mama mudogo hakumusindikiza mpaka barabarani. Alibaki ameketi, miguu ndani ya karai ya maji.

"Usilete nyingi," alimuambia kutoka pale.

Kisha akanigeukia. "Kesho utakata weye. Miye mukono umechoka."