Majina Arobaini na Moja ya Babu Mmoja

Msichana alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na nafasi hiyo ilikuwa inakufa saa kumi na moja jioni kama hajatuma fomu ya kuikubali. Naanza hapo kwa sababu nikianza mahali pengine nitapotea. Watu wa nyumbani wananijua, nikiulizwa habari za ngamia naanza na mvua ya mwaka aliozaliwa mama yake.

Yeye na mama yake walitoka Kutulo. Walifika dukani kwetu Galbet saa nane na nusu mchana, vumbi la basi bado liko kwenye nyusi, na bahasha ya kaki imefungwa ndani ya shuka kama mtoto mchanga. Stima ilikuwa imepotea mji mzima tangu asubuhi. Kwetu kuna sola, ndiyo maana wakaelekezwa kwetu. Kwenye simu walikuwa wamejaribu njia nzima, simu ikakataa kubeba vyeti.

Duka si langu, ni la binti yangu. Ana kompyuta mbili na mashine ya kutoa kopi, na watu wanakuja kujaziwa fomu za shule na za serikali. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne nikaenda kuchunga, halafu nikauza mifugo mpaka goti likakataa mambo ya soko. Herufi nazijua moja moja, na mtu akinipa muda nafika mwisho wa neno. Wiki hiyo binti alikuwa Rhamu, mama mkwe wake anaumwa. Aliniachia ufunguo na maneno mengi, na katika hayo nilishika moja vizuri, akiniita Aabo, yaani baba, kama kawaida yake: "Aabo, ile orodha usiizime. Hata kwa dakika moja."

Orodha ni nini? Lazima nieleze, ingawa saa inakwenda na msichana ameketi.

Mwaka uliotangulia, mteja alitaka programu fulani. Nikatafuta, nikaona kitufe kikubwa cha kijani chenye mshale, nikabonyeza. Kumbe kile kitufe kilikuwa cha mwizi. Asubuhi yake mafaili yote yalikuwa yamebadilika majina, hayafunguki: vyeti vya watu, picha za harusi, barua za chifu. Kwenye skrini kuna waraka wa Kiingereza unadai pesa. Binti yangu hakunipigia kelele, na ingekuwa nafuu angepiga. Alikaa chini, nyuma ya kaunta, akashika kichwa. Tangu siku ile nikishika mausi kiganja kinatoka jasho.

Na matangazo nayo! Mwalimu wa madrasa alikuja kusahihisha karatasi ya mtihani wa dini, pembeni mwa skrini akatokea mwanamke ambaye nguo zake ungeweza kuzificha ndani ya kiganja. Mwalimu alizungusha kiti akatazama ukuta. "Mzee," akasema, "niambie akishaondoka." Hakuondoka. Mwalimu alisahihisha nusu ya karatasi kwa kuniagiza huku ameupa ukuta uso.

Basi binti akaweka programu ndogo ya kutunza orodha. Akanieleza hivi: "Aabo, kila kitu kwenye mtandao kina jina. Kompyuta, kabla haijauliza watu wa nje jina fulani linakaa wapi, inafungua kwanza daftari lake la ndani. Sisi tunaandika humo kwamba huyu mbaya anakaa sufuri. Kompyuta inakwenda sufuri, haikuti mtu, inarudi mikono mitupu."

"Na yule mbaya anajua kwamba amefungiwa?"

"Hajui chochote."

Nilipenda jambo hilo, sitaficha. Maelfu ya majina programu iliyavuta yenyewe kutoka kwa watu wanaoyakusanya. Chini yake kuna nafasi ya kuongeza majina yako, kila moja na kisanduku cha tiki, na mbele yake, baada ya alama ya reli, ile ya mistari miwili iliyokatwa na mingine miwili, unaweza kuandika sababu. "Uandike sababu, Aabo," binti akasema. "Usiweke jina tupu."

Sasa sikilizeni kosa langu. Sisi Wasomali, mtoto hajaota meno vizuri anafundishwa kuhesabu mababa: jina lake, la baba, la babu, mpaka mtu wa mwanzo kabisa wa ukoo. Siku moja natazama majina ya kwenye mtandao nikaona, wallahi, haya nayo yamepangwa kama yetu, nukta kati ya moja na lingine! La kwanza ni mtoto, linalofuata ni baba, nyuma yake babu. Na matangazo matatu mabaya niliyoyaona mwezi ule yalikuwa na babu mmoja. Nikamwandika babu peke yake, nikajua wajukuu wote nimewafunga. Kesho yake wajukuu wakaja vilevile.

Binti alicheka mpaka akashika kaunta. "Daftari hili halijui ukoo, Aabo. Linajua mtu mmoja mmoja."

Kama ni mmoja mmoja, nikasema moyoni, basi nitawachukua mmoja mmoja. Wiki nzima, binti akiwa ndani na wateja, mimi nilikuwa nawinda kila jina lenye babu yule. Nikilikuta popote naliandika. Sikungoja lifanye kitu. Nilifika arobaini na moja, na mbele ya alama ya reli sikuandika neno. Sababu ilikuwa babu, na babu kila mtu anamwona.

Turudi kwa msichana. Tulipiga skani vyeti. Yeye mwenyewe alijaza fomu, vidole vyake vina kasi kuliko macho yangu. Saa kumi kasoro akafika mwisho, mahali panaposema andika herufi unazoziona kwenye picha, ndipo utume. Tukatazama. Kuna kisanduku cheupe, basi. Mimi nikadhani ni macho yangu, nikavua miwani nikaifuta kwa kikoi.

"Adeer," msichana akaniita, kama anavyoitwa ami, "hakuna herufi."

"Zinakuja."

Hazikuja. Alifungua ukurasa upya mara mbili. Mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akasogea. "Mzee, hii mashine ni ya kwako au wewe ndiye wa mashine?"

"Mama, subiri kidogo. Mtandao wa leo ni mzito."

Msichana, huko shuleni walifundishwa mambo, alibonyeza ile picha kwa upande wa kulia, akaifungua peke yake. Skrini ikasema mahali hapa hapafikiki, na juu pakawa na jina. Akalisoma kwa sauti. Mimi nilianzia nyuma kama kawaida yangu, na kabla sijafika kwa mtoto nilishamtambua babu.

Hapo ningesema. Mtu mzima angesema. Lakini moyoni nilimwona binti yangu vile siku ya mwizi alivyoketi chini nyuma ya kaunta, nikamwona yule mama ambaye amesafiri siku mbili, na ulimi ukasema kitu kingine. "Ni mtandao," nikasema. "Chuo chenyewe kina matatizo leo, watu ni wengi." Nikatoka nje kama mtu anayekwenda kutazama sola.

Nilisimama pale juani natazama sola ambayo haina kosa. Kama ni jina langu lililofunga, nikilitoa je? Na kama ndilo lililomleta yule mwizi wa mwaka jana? Sikuwa na njia ya kujua, kwa sababu sikuandika kwa nini nililiweka. Nilimpigia binti simu Rhamu: mteja hapatikani. Nikapiga tena, na tena, mpaka mara kumi na moja. Mteja yuleyule bado hapatikani. Ndani nasikia mama anamwambia mwanawe kwa Kisomali, polepole, kwamba riziki ni ya Mungu na mwaka ujao si mbali. Kutulo, mwaka ujao kwa msichana wa umri ule una mambo yake, na la kwanza ni kuozwa. Mama alijua, na mimi pia nilijua.

Niwaambie jambo ambalo sijalisema mara nyingi. Nikiwa kijana nilileta ng'ombe mjini, siku mbaya. Askari walikuwa wameshambuliwa mahali, na mimi habari sina. Walinisimamisha. Jina? Nikasema. La baba? Nikasema. La babu? Nilipotaja la babu askari mmoja mwenye karatasi aliinua kidole tu, nikapelekwa uwanjani kuketi na wengine. Tuliketi kutwa, kichwa wazi, jua linatupiga, maji hakuna. Mzee aliyekuwa kushoto kwangu alikuwa anauza maziwa, aliulizia vibuyu vyake mpaka sauti ikamwishia. Hakuna aliyeniuliza nimefanya nini. Jioni nikaachwa, na sikuambiwa sababu ya kuachwa kama ambavyo sikuambiwa ya kukamatwa. Ng'ombe wawili sikuwaona tena. Na yule mzee wa maziwa, sisemi.

Sikumbuki ni kwa nini jambo hilo lilinijia pale chini ya sola. Au nakumbuka. Nilirudi ndani.

"Mama," nikasema, "si mtandao, na chuo hakina kosa. Ni mimi. Nilifunga jina ambalo sikulijua, na nadhani ndilo linaloleta hizo herufi."

Mama akanitazama. "Ulilifunga kwa nini?"

"Kwa sababu ya babu yake."

Mama ni wa kwetu, hakuhitaji maelezo. "Lifungue, basi," akasema. "Saa kumi na robo hii."

Nikafungua orodha. Mkono umelowa, mausi inateleza. Msichana ananisomea, mimi nafuata kwa kidole kwenye kioo, arobaini na moja wanafanana kama mbuzi wa zizi moja. Tukalipata. Nikatoa tiki, nikahifadhi, nikasema bismillahi, akafungua ukurasa upya. Kisanduku cheupe.

"Bado," akasema msichana.

Nilijaribu tena. Nilizima ukurasa wote, fomu ikafutika, akaanza kuijaza upya bila kunilaumu, na hilo lilinichoma kuliko lawama. Saa kumi na nusu. Mshale wa mausi ukawa unajipeleka wenyewe kwenye kile kitufe cha kuzima orodha nzima. Nilikuwa nimekigusa nusu, simu ikalia. Binti.

"Aabo, missed call kumi na moja! Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimetoa jina kwenye orodha, halitoki."

"Jina gani?" Nikamsomea. "Hilo linaleta picha za nusu ya dunia, Aabo. Nani aliliweka?"

"Mimi."

"Sababu?"

"Utanifokea ukirudi. Hapa kuna msichana na dakika ishirini na tano."

"Haya. Kompyuta bado inakumbuka jibu la zamani. Kuna kitufe chini, kulia, cha kufuta kumbukumbu. Bonyeza hicho. Halafu funga dirisha la mtandao lote, fungua upya."

"Cha kijani?"

"Cha kijani tena? Aabo! Cha kijivu. Cha kijivu!" Na mtandao wa Rhamu ukakatika.

Nikabonyeza cha kijivu. Msichana akaanza kujaza kwa mara ya tatu, mama yake amesimama nyuma anasoma dua, midomo tu inacheza. Mimi nimeketi juu ya mikono yangu nisije nikagusa kitu. Akateremka chini ya ukurasa. Na pale, Mungu shahidi, zikatokea herufi tano zimepinda kama zimelewa, na mstari katikati. Sijawahi kuona maandishi mazuri hivyo. Akaziandika. Akakosea. Zikaja nyingine. Akaziandika tena, akatuma, na gurudumu likazunguka, likazunguka, nikahesabu mpaka hesabu zangu zikaniishia.

Imepokelewa. Saa kumi na dakika hamsini na mbili.

Mama hakupiga vigelegele. Alikaa kwenye benchi kama mtu aliyevuliwa mzigo akakuta miguu haina kazi. Msichana akachapisha ile karatasi ya kupokelewa, nakala mbili, akazipuliza kama zina joto. Walipoondoka mama akageuka mlangoni. "Mzee," akasema, "waliobaki arobaini wamefanya nini?"

Wao wakaenda kutafuta pa kulala kwa ndugu, mimi nikakaa na orodha.

Niliwasoma wote, kuanzia kwa mtoto safari hii. Watatu nilikumbuka walifanya nini, nikaandika mbele ya alama ya reli kwa herufi zangu mbovu. Thelathini na saba sikukumbuka. Kila tiki niliyoitoa roho iliruka, nikaona vyeti vya watu vinabadilika tena majina, nikaona kaunta na binti nyuma yake. Lakini nilizitoa. Nikabonyeza cha kijivu. Nikafungua ukurasa wa habari kujaribu, nimeshika kichwa tayari.

Kidogo tu, akarudi yule mwanamke wa nguo za kiganja, pembeni kulia, anatabasamu. Nikalitafuta jina lake kwa kidole, nikaliweka kwenye orodha, lake peke yake, na mbele yake nikaandika: huyu nimemwona mwenyewe.