Tulivyojipindua Wenyewe

Miaka ile ya shida dizeli ilikosekanaga mpaka mabasi yanalala, na muhogo wetu unaoza. Nikawaambia wanawake wenzangu, tutavuka ziwa kwa mtumbwi tukauze Musoma, kupiga kasia nitawafundisha. Mdogo wake mume wangu, mvuvi yule, akaja juu: "Shemeji, mwanamke akikanyaga mtumbwi samaki wanakimbia!"

"Wakimbie! Mimi nabeba muhogo."

Kufundisha nilianzaga na kupinduka. Kila mmoja nikamfunga dumu tupu kiunoni limweleze, tukasogea ndani kidogo, nikautikisa mtumbwi mpaka ukapinduka. Wanaume pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, wakacheka weee! "Si tulisema? Wamezama hao!"

Nikapiga kelele: "Tumejipindua wenyewe! Akina mama, msiachie mtumbwi! Pigeni miguu!" Hakuna aliyeachia. Tukaugeuza, tukayatoa maji kwa sufuria niliyoifunga humo, tukapanda mmoja mmoja.

Nikamwita: "Shemeji, njoo na wewe nikupindue!" Akarudi nyuma. Kumbe miaka yote ya uvuvi kuogelea hajui! Wenzake wakamgeukia yeye kumcheka.

Asubuhi yake tukavuka na muhogo. Na samaki hawakuhama, bwana. Jioni shemeji mwenyewe alirudi nao.