Profesa Radi na Dadu za Sabuni

Jumamosi ni siku ya kufua hapa bwenini, na kila mtu anapokata kipande cha sabuni ya mche, ile yenye rangi ya maziwa yaliyoganda, mimi husimama kwanza. Harufu yake hunishika puani na kunirudisha nyuma ya ghala la jirani yetu mzee, Bibi Zaituni, magoti vumbini, nikiwa nakaribia kuingia darasa la tano. Wenzangu hudhani nategea. Ni kweli nategea, lakini si kwa ajili hiyo tu. Ngoja niwaambie ninyi, maana hawa nikiwaambia nitatangazwa bweni zima.

Binamu yangu Anita alikuja likizo ya mwisho wa mwaka kutoka Dodoma, kijijini kwetu upande wa Mkalama, na mchezo kichwani. Tulitandika gunia, kila mmoja akawa na shujaa wake mwenye nguvu za ajabu. Nguvu zenyewe unazipata kwa kurusha dadu mbili, na maana ya namba anaijua Anita peke yake; kisha anasimulia hatari iliyowapata, nanyi mnasema mashujaa wenu wanafanya nini. Dadu hatukuwa nazo. Tukachonga za sabuni, tukazitoboa vitundu kwa msumari wa moto, tukazianika juu ya bati wiki nzima mpaka zikawa ngumu na za manjano, kama meno ya ng'ombe mzee.

Rafiki yangu Msengi alirusha, akapata shujaa wa kuvunja mawe kwa ngumi. Jirani yetu Salma akapata wa kuruka angani. Mimi nilitaka mchawi. Nikarusha: moja na moja. Nikaomba kurudia: moja na moja tena. Nikarusha mara ya tatu: sita na sita. Anita akanivuta pembeni.

"Uchawi huna hata wa kuhamisha kuku," alininong'oneza. "Lakini kwenye uongo umepata sita na sita. Utakuwa mchawi feki. Mimi simwambii mtu."

Ndivyo alivyozaliwa Profesa Radi. Profesa, kwa sababu waganga wote wa kwenye mabango ya barabarani ni maprofesa. Kadi yake niliikata kwenye jalada la daftari, nikaandika kwa herufi kubwa: MCHAWI MKUU. ANAITA RADI. ANAZUIA MVUA. Nyuma yake Anita aliandika ukweli, nami nikaufunika kwa kipande kingine cha jalada nilichokigandisha kwa ugali, Salma asije akauchungulia. Wiki tatu nzima Profesa wangu alipiga kelele, akarusha majivu, na maadui wakakimbia. Msengi aliapa kwamba bila mchawi wetu tungekuwa tumeshakufa wote. Sijawahi kuwa mtu mkubwa kiasi kile tena.

Shule zilipofunguliwa Anita akarudi Dodoma. Nyumbani kwetu dada alikuwa anapekua kila kitu. Basi nikachukua kadi, dadu, na sanamu ya udongo ya Profesa niliyoivisha kitambaa cheusi, nikavitia kwenye kibuyu, nikakichomeka kwenye ua wa minyaa wa Bibi Zaituni, bila hata yeye kujua. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Mwaka ule mvua ilinyesha wiki mbili, ikakata. Alizeti ziliinamisha vichwa kabla ya kuchanua. Watu walisalimiana macho yakiwa mawinguni. Mchana mmoja mchunga mbuzi akakiona kibuyu, na mimi na Msengi tulipotoka shule tulikuta kijiji kimejaa uani kwa Bibi.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mjane asiye na mtoto hata mmoja karibu, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni. Mwenyekiti wa kitongoji aliishika kadi yangu kwa ncha za vidole, kama aliyeshika nge.

"Anazuia mvua," alisoma.

"Kibuyu hicho sikijui, wanangu," alisema Bibi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema hilo mara nyingi.

"Mmesikia hilo neno, mvua!" alifoka kijana mmoja mwenye fimbo ya kuchungia. "Na hii hapa mifupa ya mtoto! Aondoke kabla jua halijazama. Asipoondoka, nyumba tunaichoma."

Mifupa ya mtoto ilikuwa dadu zangu.

Niliogopa mambo mawili: fimbo ya baba, na Msengi kuujua ukweli. Nawaambia bila aibu, kwa muda sikujua lipi ni kubwa zaidi. Halafu nikasikia kiberiti kikichezacheza mfukoni mwa mtu aliyesimama mbele yangu.

"Shikamooni," nikasema. "Hicho kibuyu ni changu. Ni mchezo."

"Mtoto, kaa pembeni," alisema Mwenyekiti.

"Mwenyekiti, ibandue hiyo kadi. Katikati kuna maneno, nimeyafunika kwa ugali."

Akaibandua. Akasoma polepole: "Hana uchawi wowote. Anawadanganya wenzake."

"Profesa Radi ni feki?" Msengi aliuliza nyuma yangu.

Kijana wa fimbo akacheka. "Sasa mlitaka mchawi aandike nini? 'Ndiye mimi, njooni mnikamate'?"

Watu wakaguna, na ule mguno ulikuwa wa kukubali. Wakasogea hatua moja.

Nikazinyakua dadu mkononi mwa yule kijana, nikazitumbukiza kwenye ndoo ya Bibi, nikaanza kusugua. Hazikutoa povu. Zilikuwa zimekauka mno. Nikasugua mpaka vidole vikawaka moto, kijana yule akihesabu pumzi zangu. Kikaja kiutelezi. Ikaja harufu. Kisha povu jeupe likanishuka mpaka kwenye viwiko.

Mama mmoja akainama, akanusa. "Jamani, hii si sabuni ya mche? Hata mimi asubuhi nimefulia hiihii!" Akaangua kicheko, na kicheko kikavuta kingine. Mwenyekiti akawaambia watawanyike. Yule wa fimbo aliondoka wa mwisho, bila kuomba radhi.

Baba alinichapa, hilo mnalijua. Msengi alininunia siku nne, ya tano akaja nimfundishe kudanganya.

Lakini kabla ya fimbo, nilibaki na Bibi. Nyuma ya mlango kulikuwa na furushi la kanga. "Nirudishie chumbani, mjukuu wangu," alisema. Nikalinyanyua, zito, nguo zilizokunjwa zikichungulia juu, ndani yake sufuria ikagonga kitu. Nikadhani ni nguo chafu. Nikampa dadu moja iliyobaki.

"Shika, Bibi, ufulie."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, nami nikajiona mchekeshaji hodari.

Mwaka jana, nikikunja nguo zangu safi kwenye sanduku la kujia huku bwenini, mikono yangu ilisimama yenyewe. Nguo za Bibi kwenye lile furushi zilikuwa zimekunjwa. Na hakuna mtu anayefua sufuria.