Mama Roli na chai ya chumvi

Saa mbili asubuhi, siagi inatoka kwenye friza ikiwa ngumu kama mche wa sabuni, na Mama Roli anaikwaruza mbio mbio kwenye kikwaruzo cha karoti. Chenga zinaangukia kwenye unga. Anachanganya kwa ncha za vidole tu, kwa sababu kiganja kina joto, na siagi ikiyeyuka mapema roli hutoka ngumu kama soli ya kiatu.

"Hakuna kazi rahisi kama hii," anamwambia mwandishi wa gazeti bila kuinua kichwa. "Unga, siagi, maji ya barafu, nyama ya kusaga. Yeyote anaweza kupika roli za soseji nyumbani kwake. Ndiyo maana ukikosea hakuna wa kukuhurumia."

Jiko lake ni jembamba, na mlango wa oveni ya gesi unafungwa kwa waya. Dirishani, kwenye kigoda chenye mto, ameketi mama mkwe wake, mwenye miaka sabini na minane. Alipika hotelini miaka thelathini kabla ya kumfundisha mkaza mwanawe kazi hii. Mwanawe, mume wa Mama Roli, alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo wanawake hawa wawili hawana mwingine.

Leo kuna jambo zito. Kwa miaka minne Mama Roli alipeleka roli mia na ishirini kila siku ya kazi kwenye kantini ya ofisi moja kubwa. Miezi mitatu iliyopita kantini ikamkata. Amekwenda kuomba mara tano, na mara ya tano msimamizi akamwambia alete roli sita za kuonja, leo, saa tano. Zikimpendeza, kazi inarudi.

Anachanganya nyama na vitunguu, chenga za mkate, pilipili manga, kungumanga na chumvi. Kisha anafanya alivyofundishwa: anakaanga kipande kidogo, kama punje ya haragwe, na kumpelekea mama mkwe kwenye kisahani. Mzee anatafuna taratibu, macho ameyafumba.

"Iko sawa, mwanangu," anasema. "Viringisha."

Mama Roli haviringishi. Anafunika bakuli, anamkonyeza mwandishi amfuate uani kimya kimya, na huko anatoa kipande cha pili alichokificha kwenye karatasi.

"Onja wewe. Sema kweli, usinionee haya."

Chumvi imepungua, tena sana. Anaambiwa hivyo, anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwishajua.

"Mimi sisikii harufu wala ladha," anasema kwa sauti ya chini. "Miaka miwili sasa. Nilipata homa kali, nikapona, pua haikurudi. Daktari alisema nisubiri. Nimesubiri mpaka nimechoka. Nikila, natafuna tu. Wateja sikuwaambia, nani atanunua chakula kwa mpishi asiyesikia ladha? Nikajiambia, mama yupo, ataonja yeye."

Mambo yakaenda vizuri zaidi ya mwaka mmoja na nusu, au alidhani hivyo. Kisha asubuhi moja alisahau kama ameshatia chumvi, akatia tena. Mama mkwe akaonja, akasema iko sawa. Trei nzima ikarudishwa kabla ya adhuhuri, na kazi ikaishia hapo.

Jioni ya siku hiyo, akili ikiwa imemruka, alipika chai, akachota chumvi badala ya sukari. Jirani aliyekuja kumpa pole alipiga funda moja akakimbilia nje kutema.

"Mama alikuwa ameshamaliza kikombe," anasema Mama Roli. "Akaomba cha pili. Akasema leo chai imekolea."

Anacheka, halafu anajifuta macho kwa upindo wa aproni.

Tangu siku hiyo anajua kwamba ulimi wa mama mkwe nao umekufa. Hajamwambia. Kila asubuhi anampelekea kisahani, anapokea jibu lile lile, kisha anatafuta mtu mwingine wa kuonja: jirani akiwa hajaenda kazini, au mpita njia yeyote.

"Nimwambie nini? Kwamba hafai tena? Alinificha kwa sababu hiyo hiyo. Anaogopa kukaa bure ndani ya nyumba ya mkaza mwana. Hiki kisahani ndicho kinachomwamsha kitandani."

Mwandishi anamuuliza haogopi mzee akiyasoma haya gazetini.

"Macho hayamsaidii siku hizi. Ninayemsomea ni mimi. Hapo nitaruka."

Amejaribu mizani. Ukutani ameandika kwa kalamu ya mkaa: chumvi gramu kumi na tano kwa kilo moja ya nyama. Lakini vipimo hivyo amevibahatisha. Roli zile zilizompa jina hazikuwahi kupimwa, zilitoka puani na ulimini mwa watu wawili, na sasa hakuna wa kumuuliza. Wakati huu anauza roli kumi na tano kwa siku, zikizidi ishirini. Wamehama vyumba viwili wakaingia kimoja.

Anaongeza chumvi, mwandishi anaonja tena mara mbili, mpaka inakaa. Anasukuma unga, anapanga nyama katikati, anaviringisha, anakata, anapaka yai. Dakika ishirini na tano baadaye zinatoka zikiwa za dhahabu, na tabaka zimeachana vizuri. Kwa macho, huoni kasoro.

Kantini, msimamizi anakula ya kwanza akiwa amesimama. Anatafuna, anatazama dari, anachukua ya pili. Mama Roli ameshika trei kwa mikono miwili.

"Si mbaya," anasema msimamizi. "Lakini si zile, mama. Zile ulikuwa hujafika mlangoni, harufu imeshaingia. Hapa kuna kitu hakimo."

"Kitu gani, baba? Niambie, nitakitia."

"Mimi mlaji tu, nitajuaje? Wewe ndiye mpishi." Anamrudishia nne zilizobaki. "Nimeshapata mtu. Wake hazibadiliki."

Wanarudi nyumbani, yeye na mwandishi. Uani kwake anaweka trei chini, anaingia ndani, anatoka na mikebe yake ya viungo, na kuanza kuifungua mmoja mmoja mbele ya pua ya mwandishi. Pilipili manga inampigisha chafya. Kungumanga haifanyi lolote. Ni unga wa kahawia usionuka chochote, labda bati kidogo.

"Hainuki?"

Hainuki.

"Tangu lini?"

Huenda ni mwezi, huenda ni mwaka. Anaukalia ukingo wa sinki la nje na mkebe mapajani. "Basi nimekuwa nikiwatilia watu vumbi," anasema.

Kisha anasema kesho atanunua kungumanga nzima, aikune mwenyewe, apike sita nyingine azipeleke Jumatatu, hata kama hazikuagizwa. Atakayemwonjea siku hiyo hamjui. Anamuuliza mwandishi kama atapita. Mwandishi Jumatatu ana safari.

"Sawa," anasema. "Nitasimama barabarani nimpate mtu."

Dirisha linafunguliwa. Mama mkwe ametoa kichwa.

"Mmesharudi? Wamesemaje kantini?"

Mama Roli anausukuma mkebe nyuma ya sinki kwa mguu.

"Wamesema iko sawa, mama."

Mzee anaachia tabasamu. "Nilikwambia. Ulimi huu haujanidanganya hata siku moja. Kesho uniamshe mapema."