Kitambaa cha Mama na Nyoka Wangu

Jamani, nisiposema nitapasuka. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nilifuga nyoka nyumbani kwa mama, kijijini Akheri, bila mama kujua. Mdogo tu, hana sumu, jina lake Ndizi. Nilimtengenezea makazi chumbani kwangu kwenye tenki la zamani la samaki: majani makavu ya mgomba ya kujificha, bakuli la maji, balbu ya vifaranga ya kumpa joto. Juu nikafunika kwa kitambaa cha kufuma cha kochi, maana kina matundu, apate hewa. Nikajiona fundi.

Jumamosi ibada ya jumuiya ikawa zamu yetu. Mama hawezi kupokea wageni kochi likiwa uchi. Akakisaka kitambaa chake, akakipata, akakitandika. Narudi kutoka dukani, tenki liko wazi, Ndizi hayupo, na sebuleni watu wameshaanza kuomba.

Nikapiga magoti, nikatambaa kati ya makochi jasho likinitoka, nikinong'ona, "Rudi, tafadhali rudi."

"Bwana asifiwe, kijana anatubu!" akasema mzee wa kanisa.

Mama akalia kwa furaha. Akavuta kitambaa cha kochi afute machozi, na Ndizi, aliyejikunja chini yake, akamwangukia mapajani.

Wageni wengine walikimbilia nje kupitia dirishani. Mzee wa kanisa akanyanyua kigoda. Ningenyamaza tu, wote wangedhani ni nyoka aliyeingia kutoka migombani. Lakini mdomo wangu huu!

"Mzee, usimpige! Huyo ni Ndizi, anaogopa wageni!"

Mama akaacha kupiga kelele. Akanigeukia polepole.

"Ana jina?"