Mende wa majini tuliyempata Kondoa ana jina la mtu ninayemtafuta

Wakuu, habari za jioni. Haya yamenitokea mwenyewe, sijatia chumvi.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa msaidizi wa maabara kwenye mradi wa utafiti wa maji, Dodoma. Mimi ni binti wa Kondoa, Muislamu. Mwenzangu wa field aliitwa Yohana, Mgogo wa Zuzu, Mkristo. Mpole, akicheka anatikisa mabega.

Siku moja tulikuwa kwenye chemchemi, milimani kule Kondoa. Yohana akainua chujio.

"Zaina, njoo uone!"

Mende wa majini, mdogo kuliko punje ya uwele, ana mistari ya njano mgongoni.

"Aina gani?"

"Sijui. Na hawa nawajua karibu wote."

Tukampeleka kwenye microscope, tukapekua vitabu. Hayumo.

Tatizo alikuwa jike. Kwa mende wale, spishi mpya inathibitishwa kwa viungo vya uzazi vya dume. (Msicheke, ndiyo sayansi.)

Basi tukawa tunarudi kumtafuta dume. Moyoni nilikuwa naomba asipatikane upesi. Mnanielewa.

Likaja wimbi la kupunguza wafanyakazi. Mradi ukafungwa, magari yakauzwa. Yohana akapata kazi kwenye viwanda vya samaki, Mwanza.

Stesheni nikamwambia, "Safari njema, kaka."

Akasema, "Ukimpata dume, Zaina, usiache kumwandika jaridani."

Sikumwomba abaki. Sote tulijua baba yangu asingekubali niolewe na Mkristo.

Barua zangu hazikujibiwa. Nikarudi Kondoa kufundisha biology, na kila mvua zikipungua nilipanda mlimani na chujio.

Mwaka mmoja, chini ya jiwe, nikampata. Dume kabisa. Nikageuka nimwite mtu.

Hakuna mtu.

Nililia pale pale, miguu ndani ya maji.

Mhadhiri mmoja akanisaidia kuandika description, ikatoka kwenye jarida. Anayeielezea spishi ndiye anayechagua jina. Nikampa la Yohana.

Nilichojifunza: kuna mtu unamwomba abaki hata kama jibu unalijua, angalau aondoke akijua aliombwa.

Mliofanya kazi viwanda vya samaki Mwanza enzi zile, kama mnamfahamu, semeni hapa au njooni PM. Sitaki kuvuruga nyumba ya mtu. Nataka tu aambiwe kwamba lile jina ni lake.