Nishani ya Kaka Mkubwa

Jirani yangu wa kazini tulimwita Bwana Herufi. Alichonga majina kwenye vikombe vya mashindano, pete za ndoa na vibao vya milango. Mimi nilishona upande wa pili wa pazia, chumba hicho hicho kimoja. Miaka kumi na tisa! Nikikohoa tu, utamsikia: "Pole, Mama Sindano." Tukifunga kazi, mimi nakwenda kwa wanangu, yeye anaingia chumba cha nyuma, peke yake. Hakuoa. "Kaka ndiye mkubwa," alikuwa akisema, "aoe kwanza yeye."

Huyo kaka alitekwa vitani. Ilikuja barua moja kutoka kambi ya mateka, kisha kimya, zaidi ya miaka thelathini. Bwana Herufi aliwahi kupata nyumba nzuri akaikataa, eti kaka anaujua mlango huu tu. Mbishi kama yule sijapata kuona.

Mwaka ule serikali ikatoa nishani kwa wote waliokuwa mateka, na kazi ya kuchonga majina akaletewa yeye. Nishani mia mbili na kitu. Kwa waliofariki, jina lilitanguliwa na neno Marehemu. Jina la kaka halikuwamo. Ilitakiwa ndugu ajaze fomu, nayo iliuliza: yu hai au amefariki? Mwisho Ijumaa.

Alhamisi fomu ilikuwa bado tupu mezani kwake.

"Jaza basi, mwenzangu! Unataka kaka yako asahaulike?"

"Nikiandika amefariki, nitakuwa nimemzika mimi."

Nikapandwa na hasira. "Basi andika yu hai, tupumzike!"

Lo, akaandika kweli! Karani wa serikali, dada mmoja, akamletea nishani moja ya ziada, naye Bwana Herufi akaichonga polepole kuliko zote, akaipuliza vumbi, akaifuta kwa shati lake. Alivyofurahi! Nami moyo ukaniuma, maana sharti lilikuwa aliye hai aje kuipokea mwenyewe.

Siku ya kukabidhi nilikaa naye ukumbini. Wazee walijikongoja mbele wakavishwa, wajane wakapokea za waume zao. Karani akaita jina la kaka. Bwana Herufi akageuka kutazama mlango. Karani akaita tena; watu wakageuka, na mimi, Mungu anisamehe, nikageuka. Hapakuwa na mtu. Akaita mara ya tatu, kisha akaanza kuirudisha nishani kisandukuni.

"Subiri, dada." Bwana Herufi alisimama, ameshikilia kiti cha mbele yake. "Kaka amefariki. Mimi ndiye mdogo wake. Hana mwingine."

Akapewa. Akarudi kuketi, ameifumbata tu mkononi. Mimi niliyemsukuma miaka yote ile akubali kwamba kaka hayupo tena, nilitamani ayarudishe yale maneno.

"Mama Sindano," akaniuliza kwa sauti ya chini, "sasa jioni nikisikia hodi, nimtarajie nani?"